SOMO: NAMNA YA KUANDIKA TUZO KATIKA MGOGORO WA KUINGILIA SHAMBA

Ndugu wanafunzi, somo letu la mwaka huu ni la miamala, lakini halihusu kununua wala kuuza. Linahusu kalamu. Tutajifunza namna ya kuandika uamuzi pale majirani wawili wanapogombania mpaka wa shamba na kukubaliana kwamba watu wanaowaamini ndio waamue.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wazee walioteuliwa kuamua mgogoro wa mpaka waliniita niwe karani wao, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Walipomaliza kusikiliza, niliandika mistari miwili tu: mpaka urudi ulipokuwa zamani, na aliyekosea alipe hasara. Wote walishikana mikono, tukasoma Fatiha, tukala ubwabwa, tukatawanyika. Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, vijana wa pande zote mbili walikutana juu ya tuta, majembe mabegani, na kila upande umeshika nakala ya karatasi yangu. "Zamani" ya huyu ilikuwa kabla ya mafuriko. "Zamani" ya yule ilikuwa baada ya mafuriko. "Hasara" haikuwa na kiasi. Mzee pekee aliyeujua mpaka vizuri alikuwa ameshafariki. Mwenyezi Mungu alitulinda, jembe halikuinuliwa. Lakini majirani wale waliacha kuzikana kwa miaka mingi. Waamuzi waliamua haki, ila karani hakuiandika haki ile. Basi tujifunze ili msirudie kosa langu.

1. MAANA YA MANENO

Mpatanishi (au msuluhishi) ni mtu anayewasaidia wagombanao wafikie makubaliano yao wenyewe. Yeye haamui. Matokeo ya kazi yake ni sulhu.

Mwamuzi ni mtu ambaye wagombanao wamemkubali asikilize pande zote kisha atoe uamuzi utakaowafunga. Katika Fiqhi huitwa hakam, na kitendo cha kumteua huitwa tahkim.

Tuzo ni uamuzi wa mwamuzi ulioandikwa. Neno hili lisikuchanganye na zawadi ya mshindi wa mbio. Hata Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi nchini mwetu, huuita uamuzi wake tuzo.

Kuingilia ardhi ni kuingia, kulima, kujenga, kuchimba au kuingiza mifugo katika ardhi iliyo mikononi mwa mwingine bila idhini yake na bila haki ya kisheria. Kusogeza tuta la jaruba kwa mita chache ni kuingilia, sawasawa na kuvamia shamba zima.

Kwa upande wa dini, jambo hili si dogo. Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kuchukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (R.A.). Na Said mwenyewe aliisimulia akiwa mdaiwa: mwanamke mmoja alimshitaki kwa Marwan kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Kwa hiyo hata Swahaba alishitakiwa kwa mpaka. Anayefikishwa mbele ya waamuzi bado hajawa dhalimu.

2. MSINGI WA TAHKIM

Qur'an Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, inaelekeza kuteua mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke panapohofiwa mfarakano. Wanazuoni waliiona aya hiyo kuwa miongoni mwa misingi ya tahkim, wakaipanua hadi katika haki za mali. Majalla, sheria iliyoandikwa na Dola ya Uthmaniyya kati ya mwaka 1869 na 1876, ina sehemu maalumu ya tahkim, nayo inaeleza kuwa mwamuzi ana uwezo juu ya waliomteua tu, na juu ya jambo walilomkabidhi tu. Yashike mambo hayo mawili, maana tuzo nyingi huharibikia hapo.

Ukitaka kisa cha mgogoro wetu hasa, soma Suratul-Anbiyaa aya ya 78 na 79. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine wakaliharibu. Nabii Daud na Nabii Suleiman (A.S.) waliamua shauri hilo, na Mwenyezi Mungu akamfahamisha Suleiman uamuzi ulio bora zaidi. Wafasiri wanasimulia kwamba Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba. Suleiman akaona mwenye shamba awatumie kondoo kwa maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Hapa pana fundisho kwa mwandishi wa tuzo: kusema "fulani ana haki" hakutoshi. Amri yako ni lazima ilingane na hasara yenyewe, na iweze kutekelezwa bila kumfilisi mtu.

Wenyeji wetu Wasukuma nao wanalijua jambo hili tangu kale. Wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kufufua ngitili nyingi mkoani, na wanaoingiza mifugo humo bila ruhusa walitozwa faini kwa taratibu za dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanajamii. Uzuri wa dagashida ni kwamba kila mtu anasikia. Upungufu wake ni kwamba uamuzi wa mdomo huishi katika kumbukumbu za banamhala, na wazee wakiondoka, kumbukumbu huondoka nao. Kalamu inakuja kuisaidia mila.

3. MIPAKA YA KAZI YA MWAMUZI

Kabla ya kushika kalamu, jiulize kama jambo lililoletwa ni lako.

(a) Jinai si yako. Kuingia kwa jinai katika ardhi ya mtu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wazee hawawezi kumfunga mtu wala kumtoza faini ya jinai. Wao huamua haki za kimadai tu: mpaka, matumizi, fidia.

(b) Umiliki mkuu wa ardhi si wako. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tuzo haitoi hati. Inasema tu, kati ya hawa wawili, nani mwenye haki ya kutumia kipande hiki.

(c) Ardhi ya taasisi si yako. Hapa Ibadakuli kuna uwanja wa ndege na kituo kikubwa cha kupoza umeme, na njia za umeme mkubwa zina mkuza wake. Majirani wawili hawawezi kukubaliana kugawana mkuza. Kama mpaka unaogombaniwa unagusa eneo la namna hiyo, liandike wazi kwamba tuzo hailigusi.

(d) Madini si yako. Kwa ndugu zetu wa Geita, Kahama na Msalala jambo hili hutokea sana: mtu anakuta shimo la dhahabu limechimbwa katikati ya mihogo yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini ni mali ya Jamhuri, na leseni ya kuchimba ni jambo tofauti na haki ya kulima juu. Hoja ya leseni ipelekwe Tume ya Madini. Fidia ya mihogo mnaweza kuiamua ninyi, wahusika wakikubali.

(e) Haki ya asiyekuwepo si yako. Kama shamba ni la mirathi au la mke na mume, wenye haki wote waitwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya ardhi. Tuzo iliyoamuliwa kati ya kaka wawili huku dada yao mwenye fungu hakuitwa itarudi kuwaaibisha.

Jambo jingine ni la muda. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inaweka miaka 12 ya kudai ardhi. Uliza mapema: kuingilia kulianza lini?

Na vyombo vya serikali? Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linaamua kesi za ardhi kama zamani, hadi thamani ya shilingi milioni 3. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 sivyo. Baraza la Kata sasa linapatanisha tu. Likishindwa, linatoa hati ya kwamba limeshindwa, na siku 30 zikipita bila mapatano mdai anaweza kwenda Baraza la Wilaya bila hati hiyo.

Tahkim ya hiari inasimama kando ya njia hiyo. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, inatambua makubaliano ya maandishi ya kupeleka mgogoro kwa waamuzi, na inataka tuzo iwe ya maandishi, iwe na sababu, itaje tarehe na mahali, na itiwe saini na waamuzi. Tuzo ya namna hiyo inaweza kutekelezwa kama hukumu kwa idhini ya mahakama. Na mahakama inaweza kuitengua, kwa mfano kama waamuzi hawakuwa na mamlaka au waliharibu mwenendo kiasi cha kuleta dhulma. Ndiyo maana tunaandika kwa uangalifu. Na shauri likiwa kubwa, washaurini wahusika wamwone mwanasheria kabla ya kuanza.

4. KABLA YA KUANDIKA

Kwanza, pata hati ya makubaliano yenye saini au dole gumba la kila upande. Iseme waamuzi ni nani, wanaulizwa nini, na kwamba uamuzi utawafunga. Idadi ya waamuzi iwe witiri, mmoja au watatu, ili wasigawanyike sawa.

Pili, sikiliza pande zote mbili, kila mmoja akiwepo mwenzake. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asitoe hukumu kwa wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Usinywe hata kahawa nyumbani kwa upande mmoja wakati shauri linaendelea.

Tatu, ushika kanuni ya ushahidi: mwenye kudai alete ushahidi, na mwenye kukana ale kiapo. Andika kila shahidi alisema nini, na alijuaje. Aliyeona na aliyeambiwa hawalingani.

Nne, nenda shambani. Chukua futi ya kamba ya mita 50 au zaidi. Usipime kwa hatua, maana hatua za mtu mrefu na mfupi si moja. Simu yenye ramani inaweza kukosea kwa mita kadhaa, nasi huenda tunagombania mita tano. Basi itumike kuonyesha shamba liko wapi, isitumike kuweka mpaka.

Tano, tafuta vitu visivyohama: mbuyu, mwamba, mkwaju mkubwa, kona ya kisima cha saruji. Nukta yoyote ya mpaka ukiipima kutoka vitu viwili vya namna hiyo, na kusema iko upande gani, mtu yeyote ataipata tena hata miaka 30 ijayo.

5. MFANO WA TUZO

Mfano huu ni wa kufundishia tu. Watu hawa hawapo, na majina na tarehe tumeziacha wazi.

TUZO YA WAAMUZI

Mgogoro wa mpaka wa majaruba, Kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga.
Mdai: ............ Mdaiwa: ............
Waamuzi: (1) ............ (2) ............ (3) ............

Mamlaka. Kwa hati waliyoitia saini tarehe ........, mdai na mdaiwa walitukubali sisi watatu tuamue mambo mawili: mpaka kati ya jaruba lao uko wapi, na kama kuna fidia, ni kiasi gani. Hatukuulizwa jambo jingine na hatuamui jambo jingine.

Ardhi. Jaruba la mdai liko magharibi, la mdaiwa liko mashariki. Kusini kuna njia ya ng'ombe, kaskazini kuna mfereji. Wake wa pande zote mbili waliitwa, wakahudhuria, na hawakuwa na dai tofauti na la waume zao.

Mwenendo. Tulikaa vikao viwili, tarehe ........ na ......... Tulikwenda shambani tarehe ......... Pande zote zilikuwepo mara zote tatu, na kila upande uliuliza mashahidi wa mwenzake.

Madai. Mdai anasema mdaiwa alisogeza tuta magharibi na amelima kipande chake kwa misimu miwili, ukiwamo huu. Anasema pia ng'ombe wa mdaiwa waliingia usiku wakala dengu zake.

Majibu. Mdaiwa anasema mafuriko yalibomoa tuta la zamani, naye alilijenga upya pale alipoamini kuwa ni mpaka. Anakana kwamba ng'ombe walioingia ni wake.

Yasiyobishaniwa. Wote wanakubali kwamba mpaka wa asili ulikuwa mstari wa minyaa. Wote wanakubali kwamba ekari moja ya jaruba eneo hili hukodishwa kwa gunia 5 za mpunga kwa msimu, na kwamba gunia ni debe 6 za kusawazisha, si lumbesa.

Hoja ya kwanza: mpaka. Shahidi wa kwanza wa mdai alishiriki kupanda minyaa hiyo. Alituonyesha mahali, tukachimba, tukakuta visiki vitatu vya minyaa vilivyo katika mstari mmoja. Shahidi wa mdaiwa alikiri kwamba alihamia hapa baada ya mafuriko. Tunauamini ushahidi wa mdai kwa kuwa umethibitishwa na visiki. Tuta jipya liko mita 5 magharibi ya mstari huo, kwa urefu wa mita 81. Kipande kilichoingiliwa ni mita za mraba 405, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya ekari.

Hoja ya pili: fidia ya kipande. Mdaiwa alipanda mbegu yake na kutumia nguvu zake, kwa hiyo mpunga ni wake. Lakini ametumia ardhi ya mwenzake, hivyo atalipa kodi ya mfano. Kodi ya ekari ni gunia 5, yaani debe 30. Sehemu ya kumi ni debe 3 kwa msimu. Misimu miwili ni debe 6, yaani gunia 1. Hatukuthibitishiwa kwamba mdaiwa alisogeza tuta kwa makusudi, na hatusemi hivyo.

Hoja ya tatu: dengu. Mdai hakuwa na shahidi aliyewaona ng'ombe wala alama zao. Mdaiwa aliapa kwamba si wake. Dai hili halikuthibitika.

Amri.
(i) Mpaka ni mstari mnyoofu wa mita 81 kutoka nukta A hadi nukta B. Nukta A iko kusini, mita 14.20 kutoka shina la mkwaju na mita 9.60 kutoka kona ya mashariki ya kisima cha saruji, upande wa kaskazini wa vitu hivyo. Nukta B iko kaskazini, mita 11.30 kutoka shina la mbuyu na mita 17.80 kutoka mwamba uliopakwa rangi nyeupe, upande wa kusini wa vitu hivyo.
(ii) Mdaiwa atavuna mpunga uliopo. Baada ya hapo ataondoa tuta jipya na kulijenga juu ya mstari A hadi B, kabla ya tarehe .........
(iii) Nguzo fupi za zege zitazikwa katika A, katika B na katikati, mbele ya waamuzi wawili, kabla ya tarehe ......... Gharama ni nusu kwa nusu.
(iv) Mdaiwa atampa mdai gunia 1 la mpunga, debe 6 za kusawazisha, kabla ya tarehe ........, au fedha kwa bei ya soko ya siku ya kulipa.
(v) Dai la dengu limekataliwa.
(vi) Gharama za vikao kila upande utabeba zake.

Imetolewa Ibadakuli, tarehe .........
Saini za waamuzi: ............ ............ ............
Imesomwa mbele ya pande zote, na kila upande umepewa nakala.

6. TUUTAZAME MFANO WETU

Angalieni mambo manne.

La kwanza, kila amri ina mtu, kitendo, kiasi na siku. Anayeisoma hana haja ya kumtafuta karani aulize alikusudia nini.

La pili, mdai ameshinda jambo moja na kushindwa jingine. Msiogope hilo. Mwamuzi anayempa mdai kila alichoomba kwa sababu amesema kweli katika jambo la kwanza, amehukumu bila ushahidi katika la pili.

La tatu, mdaiwa hakuitwa mwizi. Aliulizwa mpaka, akajibiwa mpaka. Kama nia mbaya haikuthibitika, sema haikuthibitika. Sentensi moja ya namna hiyo inaweza kumwezesha mtu kulibomoa tuta lake mwenyewe bila kuona aibu mbele ya watoto wake.

La nne, hesabu imeonyeshwa hatua kwa hatua. Aliyeshindwa anaweza kuirudia kwa kidole mchangani, akakuta jibu lile lile. Mtu huweza kuvumilia uamuzi asioupenda akiona ulivyopatikana.

7. MAKOSA YANAYORUDIWA

1. Maneno yasiyopimika, kama "mpaka wa zamani", "hasara yote", "haraka iwezekanavyo". Hili ndilo kosa langu.

2. Kuamua lisiloulizwa. Wamekuja na mpaka, ninyi mkaamua na deni la mbuzi la mwaka juzi. Hapo mmetoka nje ya mamlaka, na tuzo yote inaweza kuanguka.

3. Kugawa nusu kwa nusu ili kila mtu afurahi. Nusu kwa nusu ni sulhu nzuri wahusika wakiridhia wenyewe. Mwamuzi akiilazimisha huku ushahidi uko upande mmoja, amemnyang'anya mwenye haki. Kama mnaona mapatano yanawezekana, simamisheni shauri, waacheni wapatane, kisha yaandikeni kama mapatano.

4. Kuacha sababu. Uamuzi bila sababu hufanana na upendeleo hata kama ni wa haki.

5. Kuandika nakala moja na kuiacha kwa mshindi. Andika nne: moja kwa kila upande, moja kwa waamuzi, moja ihifadhiwe kwa mtu au ofisi wanayoikubali wote.

6. Kusaini kabla ya kuisoma kwa sauti. Soma yote, kwa Kiswahili, na palipo na mzee asiyekielewa vizuri, ifasiriwe kwa Kisukuma. Mtu hafungwi na asichokisikia.

8. HITIMISHO

Ndugu zangu, Abu Daud amepokea kutoka kwa Ummu Salama (R.A.) kisa cha watu wawili waliokwenda kwa Mtume (S.A.W.) wakigombania mirathi, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Mtume aliwakumbusha kwamba yeye ni binadamu, na kwamba huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa haki ya nduguye, na hicho ni kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yangu nimemwachia ndugu yangu. Mtume hakuishia kwenye machozi yao. Aliwaelekeza wagawane, watafute iliyo haki, wapige kura, kisha wasameheane.

Oneni utaratibu huo. Hata baada ya mioyo kulainika, kugawana na kupiga kura havikuachwa. Msamaha usio na mpaka uliopimwa huja kuvunjika mvua zikirudi, nami nimeyashuhudia hayo juu ya tuta moja kwa macho yangu. Basi mkiitwa siku moja kuwa makarani wa wazee, chukueni futi ya kamba, kalamu na karatasi za nakala nne. Msione haya kuwachelewesha watu na ubwabwa mpaka kipimo cha mwisho kiandikwe.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mpatanishi na mwamuzi, kisha taja sifa tatu za tuzo ya maandishi.

2. Andika upya amri hii ili iweze kutekelezwa: "Mifugo isiingie tena ngitili ya jirani, na aliyekosea atoe kitu cha kumridhisha mwenzake."

3. Mkulima wa Msalala amekuta shimo la uchimbaji shambani mwake. Mchimbaji anasema ana leseni. Lipi katika mgogoro huu linaweza kuamuliwa na wazee, na lipi lipelekwe kwingine?

4. Kipande kilichoingiliwa kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 135. Kodi ya mfano ni debe 30 kwa ekari kwa msimu. Kadiria kodi ya misimu mitatu, ukionyesha hesabu yako hatua kwa hatua.

5. Nenda na mwenzako kwenye uwanja wa madrasa. Chagueni nukta moja, ipimeni kutoka vitu viwili visivyohama, iandikeni, kisha mpeni mwanafunzi wa tatu karatasi hiyo aitafute. Asipoipata, msimlaumu. Rudieni kuandika.